Ombi la Kurejeshewa

Wino aliibeba ruta ndani ya mfuko wa nailoni, ameushika mbali kidogo na mwili, kama mtu anayemrudishia muuza samaki samaki wake. Betri alikuwa ameichomoa na kuifunga kivyake kwenye kitambaa. Risiti ilikuwepo. Boksi lilikuwepo. Hata kile kijitabu cha maelezo ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukisoma kilikuwepo. Naye alikuwa amekisoma chote na kukuta makosa kumi na moja.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alisahihisha vitabu vya shule kabla havijaingia mtamboni, na kalamu nyekundu ilikaa nyuma ya sikio lake la kulia hata siku za kwenda msibani. Wenzake walimbandika jina la Wino miaka mingi iliyopita, likamganda kuliko alilopewa na wazazi.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo maduka huvuta milango nusu na watu barabarani hutembea kama wanaofukuzwa. Shida yake ilikuwa nyepesi kuieleza, na njia nzima alikuwa akiifanyia mazoezi kimoyomoyo, bila tusi hata moja. Siku tisa zilizopita alihamia vyumba viwili vya chini, kuta nene kama za ghala. Akanunua ruta, akanunua laini mpya ya kuweka humo, akanunua bando la mwezi mzima. Mtandao haukushika hata dakika moja. Sebuleni haukushika. Chumbani haukushika. Alipanda juu ya kiti, akainyanyua ruta hadi karibu na dari kama mtu anayeomba mvua, haukushika. Taa yake ndogo ya buluu ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

Angekuwa anautaka kwa ajili ya sinema, angevumilia. Lakini bando lile lilikuwa la mama yake.

Mama yake aliishi kwa mdogo wake Wino wa kiume, safari ya kutwa nzima kwa basi. Miguu ilikuwa imechoka, macho yameingia ukungu, na alichoomba kilikuwa kimoja tu: kila jioni saa moja, binti yake ampigie simu ya video. "Nikuone hata kivuli," alisema. Wino akaahidi.

Hapo lazima lielezwe jambo. Wino hakumwita mama yake Mama. Alimwita Dada. Alizaliwa mama yake akiwa na miaka kumi na saba, hajaolewa, bado yuko kwao. Nyumba ilijaa wadogo zake, wote wanamwita Dada, na mtoto akashika alichokisikia. Aliyeitwa Mama alikuwa bibi. Baadaye bibi akafariki, mama yake akaolewa, akazaliwa yule mdogo wa kiume ambaye alisema "Mama" bila taabu yoyote, kama watoto wa watu wote. Ulimi wa Wino ulikuwa umeshakomaa. Mara moja tu, siku ya mahafali ya chuo kikuu, yule mwanamke alimshika mkono katikati ya watu akamwambia, "Hata leo tu, niite."

Wino alicheka. "Nikuite nani, Dada?"

Halikuzungumzwa tena.

Siku ya tatu bila mtandao, akiwa barabarani, alimwandikia mke wa mdogo wake ujumbe: *Wifi, mtandao unanisumbua, niombeeni radhi kwa Dada.* Jibu lilikuja papo hapo: *Usijali wifi. Tunakuona vizuri.*

Tunakuona vizuri! Wino aliusoma mara tatu, na kila mara kijembe kilizidi kuingia. Nyumbani kwake wifi haikamati chochote; kwa mdogo wake kuna wifi ambaye ulimi wake unakamata hata upepo. Akanuna. Hakujibu. Vitabu vya muhula mpya vilikuwa vinamngoja kiwandani, akawa anabaki huko hadi saa tatu usiku, na kila jioni ilipogonga saa moja alisema moyoni: nitampigia kesho.

Ndivyo siku tisa zilivyokwisha.

Ofisi ya huduma kwa wateja ilinukia kapeti jipya na watu waliochoka. Mlinzi alimpa kikaratasi cha foleni.

"Kaa pale, mama. Utaitwa."

"Umama wangu umeuona wapi?"

"Samahani, dada."

"Hapo sawa."

Fomu ya kuomba kurejeshewa ilikuwa ukurasa mmoja. Ilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu kabla hajaanza kujaza, maana mkono una mazoea yake. Mstari wa nne ulikuwa na neno moja tu, *Kilichoombwa*, na nafasi tupu mbele yake. Mtu makini angeandika swali kamili, aliwaza. Akajaza: *Thamani ya bando ambalo halijatumika.*

Kwenye dirisha la tatu alikaa msichana mwenye kucha ndefu za kubandika. Ziligonga kibodi ta-ta-ta-ta, zikasimama.

"Bando lako limetumika, dada."

"Halijatumika. Ndiyo maana niko hapa."

"Limetumika mpaka tone la mwisho. Limekwisha jana." Alikigeuza kioo cha kompyuta. "Angalia mwenyewe."

Wino aliangalia kwa jicho la kazi, akitafuta kosa. Mistari ilikuwa minane, mmoja kwa kila jioni. Saa moja kamili hadi saa mbili kamili. Simu ya video. Upande wa kulia, namba iliyopigiwa, ileile mara nane. Hakuhitaji kuitafuta kwenye simu yake. Namba ya mama yake aliijua kwa moyo.

"Saa hizo niko kiwandani," alisema. "Nyumbani hakuna mtu. Nafunga kwa funguo mbili."

"Labda mtu wa nyumbani tu..."

"Nyumbani kwangu kuna mimi na kabati."

Msichana alitabasamu. Kisha macho yake yakashuka kwenye fomu, pale Wino alipoandika namba ya laini ya ruta. Tabasamu likaondoka, taratibu, kama maji kwenye sinki.

"Hii laini uliuziwa wapi?"

"Hapahapa. Dirisha hilihili."

Msichana aligeuka nyuma. Wenzake walikuwa wakikusanya mikoba. Akasogeza uso karibu na kioo cha dirisha, hadi pumzi yake ikakifanyia ukungu.

"Namba ikikaa miezi bila kutumika, tunaiuza upya," alinong'ona. "Ndiyo utaratibu. Hii ilikuwa ya mtu."

"Mtu gani?"

"Dada mmoja... makamo yako. Alikuwa anakuja jioni kama hivi, siku zote, anataka arejeshewe. Anasema anapiga kwao, mama yake hapokei, kwa hiyo mtandao ni mbovu. Tunaangalia, mtandao mzima. Tunamwambia, dada, mtandao hauna tatizo, ni mama hapokei tu. Anasema haiwezekani. Mama angepokea." "Kumbe mama mwenyewe alishafariki muda. Yeye ndiye hakutaka kukubali."

"Ikawaje?"

"Tulimchoka. Tukampa fomu ajaze. Pale penye *Kilichoombwa*... akaandika neno moja."

Wino alijua neno lenyewe kabla halijatoka. Hata hivyo alingoja.

"Mama," alisema msichana. "Aliandika *Mama*. Na sisi tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana siku hiyo. Tukaliingiza kwenye mfumo vilevile, tukabonyeza *Linashughulikiwa*. Hakurudi tena. Baadaye tukasikia amekutwa chumbani kwake... simu iko sikioni."

Feni ya darini iliendelea kulia, kre... kre... kre.

Wino hakuwa mtu wa mashetani. Alikuwa amewahi kumfukuza mganga mlangoni kwa sababu bango lake lilikuwa na makosa ya sarufi. Mtu aliyeazima namba, mfumo uliochanganya kumbukumbu, kijana wa jirani mwenye ujanja wa kompyuta: maelezo matatu yalimjia kwa mpangilio. Alifungua mdomo aanze na la kwanza.

Ndipo alipoisikia harufu. Udongo. Udongo uliolowa, uliofukuliwa sasa hivi. Aliangalia chini, akaangalia viatu vyake, akaangalia kapeti.

Ilikuwa inatoka kwenye mfuko wa nailoni.

"Ifunge hiyo laini," alisema. "Ifunge sasa hivi."

"Anayefunga laini ameshatoka, dada. Kesho saa mbili asubuhi."

"Na hilo ombi lake?"

Kucha ziligonga mara mbili tu. Msichana alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama yeye.

"Bado linashughulikiwa."

Nje, kwenye ngazi za ofisi, mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu juu ya mapaa. Saa moja kasoro dakika ishirini. Wino aliuweka mfuko ubavuni, akatoa simu yake ya siku zote, yenye laini yake ya zamani, akampigia wifi yake.

"Heee! Leo umenikumbuka na mimi?" Nyuma ya sauti kulikuwa na honi na makelele ya watu. "Siku zote simu zako ni za Mama tu, mimi hata salamu sipati. Nikipita nyuma yake unanikodolea macho kama hunijui."

Wino akakaa kwenye ngazi.

"Wifi," alisema polepole. "Nikipiga... huwa nasema nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Niambie tu."

"Unamwita. Mama... Mama... basi. Yeye anaitika, wewe unaita tena. Saa nzima. Mwanzoni nilishangaa, nikasema leo wa chuo kikuu amejua kumwita mama yake! Lakini kusema kweli umemfurahisha. Anakula. Analala. Jioni anaomba kuchanwa nywele kabla hujapiga." "Ila uwe unawasha taa. Unakaa gizani, nywele usoni, halafu... simu yenyewe siku hizi inanuka. Nimeifuta kwa spiriti, wapi. Kama udongo hivi."

Upepo ulipita kwenye ngazi. Mfuko wa nailoni ukachakarika.

"Uko wapi sasa hivi?" Wino aliuliza.

"Natoka kununua dawa zake. Dakika kumi, robo saa niko nyumbani. Mdogo wako bado yuko kazini. Mama yuko peke yake, lakini usijali, begi nimeshamfungia."

"Begi gani?"

"Si jana ulisema unakuja kumchukua? Leo saa moja uko mlangoni. Nikasema huyu naye, safari ya kutwa nzima, hata kutupa taarifa mapema hajui."

Wino alisimama. Hakukumbuka kusimama.

"Wifi, nisikilize. Si mimi. Siku zote hizo si mimi. Sijawahi kumpigia. Huko nyumbani kwangu mtandao haujawahi kushika hata siku moja."

Honi moja ndefu ilipita.

"Usinifanyie utani wa hivyo, wifi," sauti ilisema, ndogo sana.

"Kimbia. Mwambie asifungue mlango."

"Yeye... yeye alisema kitu." Sasa wifi alikuwa akihema, ameanza kutembea haraka. "Nilipokuwa nakunja nguo alicheka. Akasema, akifika mlangoni nitajua. Nikamuuliza utajua nini? Akasema, nitajua kwa anavyoniita."

Pumzi ilimtoka Wino kifuani kama mtu aliyetuliwa gunia. Dada! Dada wa watu, macho yana ukungu lakini akili ni wembe. Karibu acheke.

"Basi hatafungua," alisema, tena kwa sauti kubwa, pale ngazini, mfuko ukiwa umebanwa ubavuni. "Huyo anamwita Mama. Mimi simwiti Mama. Mimi tangu nizaliwe namwita Dada. Dada! Asiposikia Dada hafungui."

Ubavuni, ndani ya nailoni, kitu kikawaka.

Buluu.

Wino aliuachia mfuko. Ruta ikaanguka kwenye ngazi, ikabingirika, ikatulia kifudifudi, na mwanga wa buluu ukatoka chini yake ukisambaa kwenye saruji. Haukuwa ukiwaka na kuzimika. Ulitulia, umekaza. Siku tisa aliingoja taa ile ikae hivyo. Kijitabu kilieleza, ukurasa wa pili: *Taa ikitulia, mtandao umeshika.*

Betri ilikuwa mkobani. Aliipapasa kwenye kitambaa chake. Ilikuwepo.

"Wifi? Wifi, umesikia nilichosema? Kata simu, nampigia yeye."

Alimpigia mama yake. *Namba unayopiga inatumika.* Akapiga tena. *Inatumika.* Alichuchumaa, akaifungua ruta kwa kucha, akauvunja ule mfuniko mdogo wa ubavuni, akaichomoa laini. Ilikuwa ya baridi. Ilikuwa na unyevu. Aliipinda kati ya vidole viwili hadi ikalia *ta!* ikakatika.

Taa ilizimika.

Akapiga tena. Safari hii simu iliita. Ikaita, ikaita, na katika kuita kule Wino aliyaona yote aliyokuwa akiyapa kisogo: mwanamke aliyechanwa nywele, amekaa mbele ya kioo kidogo cha simu, anaitika kwa furaha kitu kisichojulikana, kwa sababu kimempa neno moja ambalo binti wa kumzaa alilibania miaka arobaini. Neno lenyewe lina herufi nne. Alishawahi kulisahihisha maelfu ya mara kwenye vitabu vya watoto.

Simu ilipokelewa.

"Mama!" alisema.

Lilimtoka lenyewe. Lilitoka na machozi.

"Mama, ni mimi! Usifungue mlango!"

Kisha sauti ya mama yake ikaja, ya taratibu, ile ya kumwambia mgeni kwamba chakula kimekwisha.

"Bado unanipigia? Nilidhani umeshachoka."

"Mama, ni mimi kweli. Ni mwanao."

"Siku zote hizi nimekuitika," mama yake alisema. "Usidhani nilidanganyika. Macho yangu yana ukungu, masikio hayana. Nilijua si yeye. Lakini uliniita vizuri, na mimi ni mtu mzima, nikasema acha nifaidi kidogo. Hakuna mwingine aliyekuwa ananipigia."

"Mama..."

"Sasa basi. Nenda kapumzike, mwanangu. Nenda kwa wenyewe. Wangu amekuja."

Na hapo, nyuma ya sauti ile, Wino alisikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kisha sauti. Sauti yenye ukwaruzo kidogo wa mtu anayekesha na karatasi. Sauti anayoisikia kila siku ndani ya kichwa chake mwenyewe.

*"Dada... Nifungulie, Dada. Ni mimi."*

"Unamsikia?" mama yake alinong'ona, na kicheko kilikuwa kimejaa kooni mwake. "Yule ndiye niliyemzaa. Hajawahi kuniita jina jingine maisha yake yote."

"Dada!" Wino alipiga kelele, mpaka mlinzi akatoka mlangoni. "Dada, usifungue! Ni mimi, Dada! Dada, mimi ndiye..."

Ndara zilisikika zikienda mlangoni.

"Na wewe umeshajifunza," mama yake alisema kwa huzuni. "Upesi hivyo."

Komeo liliburuzwa. Simu ikakatika.

Alipiga mara kumi na nne. Mlinzi alimletea kiti, akamletea maji, akasimama kando akiwa ameishika kofia yake mkononi, maana hakujua la kufanya. Msichana wa kucha ndefu alipita, akaiona ruta iliyovunjika pale ngazini, akavuka upande wa pili wa barabara bila kuaga.

Saa moja na dakika nne, wifi alipiga. Hakuwa akihema tena. Alikuwa akinong'ona.

"Wifi... umenitisha bure."

"Dada yuko wapi? Yuko hai?"

"Yuko chumbani. Viatu vyako nimevikuta mlangoni, vile vyeusi vya kamba. Ungesema tu kwamba uko karibu, utani gani huo..." Mlango ulilia kidogo, wa kusukumwa kwa kidole kimoja. "Nakuona. Umekaa mbele yake, umemshika mikono yote miwili. Anacheka. Kalamu yako iko sikioni."

Wino alipeleka mkono kwenye kalamu yake. Ilikuwa pale, nyuma ya sikio la kulia. Viatu vyake vyeusi vya kamba vilikuwa miguuni.

"Sikio lipi?" alinong'ona.

"La kushoto." Sauti ya wifi ikakonda hadi karibu kukatika. "Wifi... mimi naongea na wewe sasa hivi. Nasikia unanijibu."

"Ndiyo."

"Mbona midomo yako haisogei?"

Kisha palisikika hatua. Si za wifi. Zilikuwa za taratibu, zinakuja karibu na simu, na nyuma yake sauti ya mama yake ikiuliza kwa furaha: "Nani huyo mlangoni, mwanangu?"

Mtandao ukakatika.

Taa za barabarani ziliwaka moja baada ya moja. Wino alikaa kwenye ngazi, simu imekaa kiganjani, na alipoitazama aliona alama za mtandao zimejaa zote. Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kampuni, wa namna ile inayojiandika yenyewe.

*Ndugu mteja, asante kwa uvumilivu wako. Ombi lako la kurejeshewa limekamilika. Kilichoombwa: Mama.*

Aliusoma neno kwa neno, mara mbili, kama alivyozoea kusoma kila kitu.

Haukuwa na kosa hata moja.